Kurudia picha za Dar za 2009: nisimame wapi, saa ngapi, na kipi hakirudiki tena?

Msafiri_Chikongola

Habari za jioni wakuu. Nina picha tano za Dar zilizopigwa Februari 2009. Tatu ni za karatasi, mbili ziko kwenye kompyuta. Ni Sanamu ya Askari, Kanisa la Azania Front kutoka upande wa maji, mji mzima ukitazamwa kutoka Kigamboni, Daraja la Salenda upande wa baharini, na jengo la zamani la Makumbusho ya Taifa. Nataka kuzirudia palepale na pembe ileile, kisha niziweke sambamba mbilimbili, ya zamani na ya sasa.

Natoka Mtwara kwa basi, korosho za minada ya mwanzo zikishalipwa, yaani mwisho wa Oktoba au Novemba mosi hivi. Usiku tatu. Kamera ni simu na tripodi fupi ya mezani.

Nitajuaje pa kusimama? Saa ngapi kwa kila picha? Kuna ghorofa refu linaloruhusu mtu kupanda kutazama mji? Na wapi nitagombana na walinzi?

FundiPicha_Lindi

Usitafute mahali kwa kukumbuka, tafuta kwa kuisoma picha yenyewe. Katika kila picha chagua jozi ya vitu visivyohama, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali. Kwa Azania Front, mfano, chukua ukingo wa mnara wa kanisa na ukingo wa jengo lolote la zamani lililo nyuma yake. Ukipiga hatua kushoto, kile cha karibu kitaonekana kusogea kulia mbele ya kile cha mbali. Endelea kusogea hadi pengo kati ya kingo hizo mbili lilingane na la kwenye picha. Hapo umepata mstari tu, bado hujapata nukta. Chukua jozi ya pili upande wa pili wa picha, fanya vilevile. Mistari miwili inapokatana ndipo kamera ilipokuwa, na jozi zikiwa zimeachana vizuri unaweza kukosea kwa hatua moja tu.

Kosa la wengi ni kusimama popote halafu kuvuta kwa zumu hadi kanisa litoshe ukubwa uleule. Zumu inakata pembeni tu, haibadilishi mpangilio wa vitu. Kinachobadilisha mpangilio ni miguu. Kwa hiyo miguu kwanza, zumu mwisho.

Kuhusu zumu yenyewe, kamera ndogo za miaka ile nyingi zilianzia milimita 28 hadi 35 kwa kipimo cha filamu, na lenzi kuu ya simu za sasa iko kati ya 24 na 26. Zile picha mbili za kwenye kompyuta zifungue taarifa za faili. Ukikuta namba ndogo kama 6 au 7, hiyo ni ya lenzi halisi. Unayoitaka ni ile iliyolinganishwa na filamu ya milimita 35. Ikisema 35 na simu yako ni 25, gawanya: weka zumu 1.4. Usitumie ile lenzi pana ya 0.5, inapinda majengo ya pembeni na hutayarudisha.

Picha za karatasi zina mtego wake. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3:2, ila kamera nyingi ndogo zilipiga 4:3, kwa hiyo mashine ya kuchapa ilikata juu na chini. Piga 4:3 kwa simu, acha nafasi juu na chini, ukate mwenyewe nyumbani. Ukiweka simu 16:9 utapoteza vilele vya minara, na vilele ndivyo unavyovifuata.

Halafu tarehe. Una bahati, sijui kama ulipanga. Jua hupita njia ileile siku zilizo sawa kabla na baada ya tarehe 21 Desemba. Tarehe 10 Februari ni siku 51 baada yake, Oktoba 31 ni siku 51 kabla. Vivuli vitalala vilevile. Ila saa ya ukutani itapishana: mwisho wa Oktoba kila kitu kinawahi kwa nusu saa hivi kulinganisha na Februari. Picha iliyopigwa saa 2:30 asubuhi Februari, wewe piga saa 2:00. Saa ya faili usiiamini moja kwa moja, kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa saa tangu zitoke kwenye boksi. Faili likisema saa 8 usiku na picha ina jua, unajua la kufanya.

Na kabla hujapanda basi, panda daladala ya Mikindani. Boma la pale ni la 1895, picha zake za zamani ni tele. Chukua moja ujaribu kuirudia. Ukishindwa pale penye utulivu, Barabara ya Samora, aliposimama Askari, utashindwa mara mbili.

Nahodha wa Mikindani

Mwenzangu kamaliza ya nchi kavu, mimi naongezea ya maji, maana picha zako tatu kati ya tano zina maji ndani.

Ile ya Kigamboni. Mji uko magharibi na kaskazini-magharibi ya gati la pantoni upande wa Kigamboni. Maana yake asubuhi jua liko mgongoni kwako na maghorofa yanang'aa, jioni jua linazama nyuma ya mji na unabaki na vivuli vyeusi. Wengi wanakwenda jioni kwa sababu ni kuzuri kwa macho, halafu wanalalamika picha ni nyeusi. Tazama yako ya 2009, kama kuta zina mwanga, ilikuwa asubuhi. Mwisho wa Oktoba jua Dar linachomoza dakika chache kabla ya saa 12 na linazama saa 12 na robo. Vuka na pantoni ya alfajiri, saa 12 na nusu uwe umeshasimama upande wa pili.

Usipige picha ya mapana pantoni ikiwa inatembea. Simu inaunganisha vipande ikidhani wewe umesimama na unageuka tu, kumbe chombo kinasogea, kwa hiyo unapata mnara uliokatika kiuno au mmoja ukiwa mara mbili. Piga moja moja, simu wima, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa theluthi. Au subiri ufike, upige ukiwa nchi kavu.

Maji yenyewe: Dar inakupwa na kujaa kama kwetu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa saa 10 hadi 11 alfajiri na jioni, na kukauka saa 4 hadi 5 asubuhi. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Salenda ni mlango wa Mto Msimbazi, maji yakikupwa unabaki na tope na mikoko, yakijaa unapata kioo. Picha yako ya zamani ikiwa na maji hadi kwenye mikoko na jua la jioni, basi ilikuwa bamvua, na wewe tafuta siku ya bamvua. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, jioni utakuta nusunusu na hazitafanana kamwe.

Ila ya Salenda ujiandae. Upande wa baharini sasa kuna Daraja la Tanzanite, limefunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita 1.03 na linakatiza bahari kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach. Pale ulipokuwa na bahari na anga, sasa kuna daraja katikati. Mahali utapapata, pembe utaipata, mstari wa bahari hutaupata. Kwangu mimi hiyo ndiyo jozi bora kuliko zote tano, wala usihangaike kulikwepa daraja kwa kuinamisha simu.

Binti Masasi

Shikamooni wakubwa. Najibu yaliyobaki, la maghorofa na la walinzi.

Kaka Msafiri, la kupanda ghorofa refu lifikirie upya. Kwanza, minara mingi ya mjini ni ofisi, haina ghorofa ya kutazamia. Mapokezi utaulizwa unakwenda ofisi gani na kwa nani. Pili, hata ukipanda, mnara uliosimama juu yake hauuoni. Paa linalofaa watu wa kawaida ni baa ya ghorofa ya 8 kwenye ile Hoteli Kilimanjaro ya 1965, ambayo siku hizi ni Hyatt Regency. Inatazama bandari na mlango wa bahari vizuri sana. Nenda saa 11 jioni, agiza soda, ukae. Lakini kule utapiga bandari na meli, siyo maghorofa. Maghorofa yanatazamwa kutoka majini au kutoka kwenye madaraja.

Kuna mawili. Tanzanite lina njia ya waenda kwa miguu, ukianzia upande wa Coco Beach mji unakuwa mbele yako, dakika 15 za kutembea polepole. Bodaboda akushushe kabla ya daraja, asisimame juu. La Nyerere kule Kurasini lilifunguliwa Aprili 2016, lina mita 680, na linakupa mji kwa mbali ukiwa na winchi za bandari mbele. Zuri, ila malori ni mengi na tripodi inatetemeka, na bandari si kitu cha kuelekezea kamera ovyo.

Ndiyo nifike kwa walinzi. Ikulu ya Magogoni iko jirani kabisa na Feri, upande wa Barack Obama Drive, ambayo wewe uliiacha ikiitwa Ocean Road. Simu iwe mfukoni ukipita hapo, hata kama unapiga mnazi. Vilevile geti la bandari, kambi za jeshi, na askari waliopo kazini kwenye kivuko. Ukitaka kupiga ndani ya eneo la gati omba kwanza, ukikataliwa sogea, ukiwa umeshavuka kuna nafasi nyingi za ufukweni. Ndege zisizo na rubani usibebe kabisa bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katikati ya mji kuna sehemu nyeti kila upande.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert: jengo ulilopiga bila shaka ni lile la 1940 lenye kuba, lililojengwa kumkumbuka Mfalme George wa Tano. Bado lipo, nyuma ya jengo jipya. Usibaki barabarani ukaona limepotea, kata tiketi uingie, na beba kitambulisho cha NIDA kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti. Watu wa kwetu Kusini huwa wanaingia wakitafuta lile dinosaria la Tendaguru. Halipo pale. Mifupa ile mikubwa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, na ndiko iliko hadi leo, imesimamishwa kwa kimo cha mita 13 na ushee. Pale utakuta mengine, yakiwemo magari ya viongozi.

Jumapili ndiyo siku ya Askari. Samora siku ya kazi imejaa magari hadi kwenye miguu ya sanamu. Jumapili saa 12 na nusu asubuhi unapata mzunguko mtupu. Lakini Azania Front usiiweke Jumapili, ni siku ya ibada na magari yanajaa mbele. Iweke Jumamosi.

FundiPicha_Lindi

Hapo kwa Askari nikazie. Ile shaba imesimama pale tangu 1927, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Kwa hiyo uso wake uko upande wa kusini na mashariki, na kwa tarehe zako anapata jua la asubuhi usoni. Ungekuwa unakwenda Juni ningekwambia ubadilishe, maana Juni jua liko kaskazini kutwa nzima na majengo yote yanayotazama bandari, kanisa likiwemo, yanabaki kivulini. Hii ndiyo sababu picha nyingi za likizo ya Juni za Kivukoni ni za kijivu, watu wanalaumu simu.

Jozi ya kumtafutia Askari: ncha ya singe na dirisha la jengo la nyuma. Siyo kofia, kofia ni duara, haina ukingo wa kushika. Ncha ya singe ni kitu chembamba, ukisogea nusu hatua inahama dirisha zima. Kama jengo la nyuma limebomolewa, tumia kona ya juu ya msingi wa sanamu na ukingo wa barabara inayokwenda nyuma.

Na kitu kimoja kinachowachanganya watu: wanafika, wanaona sanamu imekuwa ndogo, wanadhani wamesimama mbali. Haikupungua, ni kwamba nyuma yake palipokuwa na anga sasa pana kioo cha ghorofa 20 na zaidi. Usisogee mbele ili kuikuza. Amini jozi zako.

Msafiri_Chikongola

Asanteni sana. Nimejaribu Boma la Mikindani kama nilivyoelekezwa. Kona ya kushoto na mti wa nyuma vinalingana kabisa, upande wa kulia pia. Lakini juu hapalingani: kwenye picha ya zamani paa la nyuma linaonekana, kwangu limefichwa na ukuta wa mbele. Nimerudi nyuma, nimesogea mbele, wapi. Nakosea nini?

FundiPicha_Lindi

Kimo. Mpiga picha wa kwanza alikuwa juu kuliko wewe, labda ngazini, labda kwenye gari la wazi, labda ardhi yenyewe ilikuwa juu kabla barabara haijachongwa. Kurudi nyuma kunafunua paa kidogo lakini kunaharibu jozi za pembeni, ndiyo maana unazunguka. Acha miguu palepale, inua simu. Weka kwenye fimbo ya kujipigia, mita moja juu ya kichwa, washa kipima muda cha sekunde 3, na ushike simu wima bila kuilaza nyuma. Ukiilaza, kuta zitaegemeana kwa juu kama zinataka kuanguka. Paa likitokea zaidi ya linavyotakiwa, shusha fimbo.

Dar jambo hili litakukuta Kivukoni Front. Kuna mahali ukuta, uzio au mti umeongezeka kati yako na kanisa, na kama ulipigia chini 2009, leo utahitaji fimbo ili uone kilekile. Tripodi ya mezani iache Mtwara, beba fimbo.

Nahodha wa Mikindani

Niongeze la kutambua vilele ukiwa majini, maana mtu wa 2009 akitazama sasa anapotea. Ukiwa umeelekea mjini kutoka upande wa maji, kulia kabisa ni Feri na soko la samaki. Ukielekea kushoto unapita Kilimanjaro, kisha mnara wa Azania Front wenye vigae vyekundu, kisha Mtakatifu Joseph wenye ncha kali, yote mawili yalimalizika 1902. Zamani hiyo minara miwili ya makanisa ndiyo iliyokuwa inakuongoza. Sasa macho yanavutwa kushoto, kwenye minara pacha ambayo watu bado wanaiita ya PSPF ingawa mfuko huo wa pensheni uliunganishwa na mingine 2018, na mnara wa Mamlaka ya Bandari wenye ghorofa 40. Vyote vitatu havimo kwenye picha yako. Kwa hiyo usivitumie kupangia. Panga kwa makanisa na Kilimanjaro, hao wapya waache waingie wenyewe.

Binti Masasi

Mpangilio wa siku basi. Ni kilomita 560 hivi, basi la alfajiri linakufikisha Mbagala alasiri kama njia ni nzuri. Kipande cha Somanga kilikatwa na maji Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya, kwa hiyo ulizia hali ya barabara siku mbili kabla. Siku ya kufika usipange picha yoyote, foleni ya Barabara ya Kilwa italila jua lako lote. Lala Kariakoo au Kisutu, kutoka hapo alfajiri unatembea.

Ijumaa basi, ufike. Jumamosi alfajiri Kigamboni, ukirudi unashuka Feri na kutembea Kivukoni Front hadi Azania Front na Mtakatifu Joseph, ni kama kilomita moja, utamaliza kabla ya saa 3. Makumbusho mchana jua likiwa kali, jioni Salenda kama maji yamejaa. Jumapili Askari, halafu una mchana mzima wa akiba kwa picha iliyoharibika. Vuli inaweza kuanza siku hizo, asubuhi moja ikiingia mvua usibaki bila nafasi.

Ukipata nafasi pita Kariakoo uone soko alilobuni msanifu Beda Amuli, lile lenye paa la miavuli ya zege. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa, na jipya la ghorofa likajengwa kando yake. Halimo kwenye tano zako lakini baada ya miaka 15 utatamani ungelipiga.

Kitu kidogo cha mwisho: ukilala chumba chenye kiyoyozi, simu inatoka baridi na lenzi inaota ukungu mara ukikuta joto la nje. Kufuta hakusaidii, unarudi palepale. Zima kiyoyozi saa moja kabla ya kutoka, au ifunge simu kwenye mfuko wa nailoni hadi ipate joto la nje, dakika 15 hadi 20. Ukikumbuka hilo ukiwa umeshafika Kigamboni jua limechomoza, umechelewa.

Msafiri_Chikongola

Nimenakili yote. Nimeangalia kalenda ya mwezi, Jumamosi yangu inaangukia siku tatu baada ya mpevu. Salenda jioni maji yatakuwaje?

Nahodha wa Mikindani

Siku tatu baada ya mpevu kujaa kunasogea hadi saa 12 jioni na zaidi, na jua linazama saa 12 na robo. Fika saa 11 na nusu, maji yatakuwa yanapanda bado, tope limeshafunikwa. Piga kila dakika tano hadi giza, ukija nyumbani chagua ile ambayo maji yamefika kwenye mkoko uleule wa 2009.